Sufi ya Mto Wangu

Bei nilizijua kabla Shekue hajafungua kinywa.
Dukani kwa Bin Jabu, pale Langoni, ziko mbili,
nyeusi, zinang'aa kama viatu vya siku ya kwanza ya shule,
zina karatasi ya waranti na mtu wa kumrudishia zikiharibika.
Elfu kumi na nane. Ukimbembeleza, kumi na sita.
Nikasema: tununue, tukae, tusikilize.
Akasema: hizo ni plastiki iliyovaa kilemba.
Yeye ataunda.

Vikaja vipande kwa basi mpaka Mokowe,
kwa boti mpaka gatini, kwa punda mpaka mlangoni,
na mwenye punda akalipwa, akanywa na chai yangu.
Ndani ya boksi: koni za karatasi, koili za shaba,
kapasita mithili ya vidonge vya malaria,
vipimo vyote kwa inchi, na mbao hakuna.
"Mbao?"
"Mbao ni zetu," akasema, kama mtu aliyerithi msitu.

Alichorithi ni patasi sita za babake, mnakishi wa milango,
na jicho la babake. Mkono, la.
Wiki tatu ukumbi wangu ukawa karakana.
Vumbi la mkangazi likaingia kwenye unga,
likaingia kwenye kofia za watu ninazozitoboa,
nikawa nakohoa rangi ya kahawia.
Tundu la kwanza lilizidi kwa unene wa ukucha;
ubao ule sasa nakatia vitunguu.
Nilihesabu kimyakimya, kama nihesabuvyo matundu ya kofia:
nauli, punda, gundi, risasi ya kuchomelea.
Siku ya kumi tulishaipita bei ya Bin Jabu.
Siku ya kumi na tano tungenunua zake, na feni juu.

Kisha nikaamka shingo imepinda.
Mto wangu wa arusi,
wenye sufi aliyoichambua mama kwa vidole vyake,
uko sakafuni, umepasuliwa kama samaki.
"Sanduku tupu linapiga mwangwi," akasema.
"Linataka kitu laini ndani."
Nikamwambia, hata mimi nilikitaka.

Akaziweka kwenye zidaka, moja kushoto, moja kulia.
Akabonyeza.
Sauti ya mwimbaji ikaja nyembamba, haina tumbo.
Ngoma zilikuwamo, lakini kama zinapigwa Shela
na upepo unazirudisha.
Akafungua, akafunga. Akalaumu vipimo,
akalaumu kuta za matumbawe, akalaumu unyevu.
Siku mbili chakula kikarudi jikoni kilivyo.
Niliona haya hata kufurahi.

Usiku wa tatu, yeye kalala,
nikaziteremsha mkekani, bega kwa bega,
nikaziwasha kwa sauti ya chini,
nikagusa kila koni kwa ncha ya kidole,
kwa wepesi, kama nipimavyo uzi kama umekaza.
Ngoma ikalia: hii ikasukuma, hii ikavuta.
Huyu anatoka, huyu anaingia,
wanafutana hewani katikati ya chumba.
Nikacheka peke yangu gizani.
Nyumba nzima ilikuwa hivyo.

Waya mwekundu nikauhamishia kwa mweusi,
mweusi kwa mwekundu. Upande mmoja tu.
Ngoma ikarudi. Haikupitia masikioni,
ilipanda kwa nyayo, ikapita magoti, boriti zikaitika.
Na mwimbaji, kabla ya ubeti wa pili,
akameza mate.
Miaka ishirini na mbili nina wimbo ule,
sikuwahi kujua kuwa ana koo.

Shekue alikuwa amesimama mlangoni, kashikilia kikoi.
Hakuuliza ni nani aliyegusa waya.
Akakaa. Nami sikutaja bei.

Arusi ya mwana wa Bi Somoe ilipofika
tulikwenda kuazima za Bin Jabu,
maana zetu hazina nguvu ya uwanja.
Zililia mtaa mzima, watu wakacheza mpaka alfajiri,
na kasoro sikuiona.

Zetu zimebaki zidakani.
Ya kulia ina mshono wa gundi uliopinda;
nimemkataza kuusugua.
Mto bado sina.
Ameniahidi mwingine, na nimemwambia wazi:
huo anunue.